Chupa Sita za Maji ya Kasanzu

Mtu anayetafuta samaki huja na wavu. Akikosa wavu, huja na ndoana. Akiwa mwanamke wa kwetu, huja kiangazi na beseni na tenga, anaziba sehemu ya mto kwa udongo, anachota maji yote hadi tope linaonekana, kisha anaokota samaki mmoja mmoja. Hayo ndiyo niliyoyajua kwa miaka hamsini na miwili. Kwa hiyo binti yule aliposhuka kwenye gari la jipu na kusema amekuja kutafuta samaki, nikamtazama mikononi, nikaona chupa tupu sita, nikajua ananidanganya.

Jina lake lilikuwa Tania, na alitoka chuo kikuu huko Lubumbashi. Lakini jipu lilikuwa la kampuni, ile yenye shimo la madini nyuma ya kilima chetu. Nembo ilikuwa mlangoni, kubwa, wala hawakujisumbua kuifunika.

Sisi watu wa Kasanzu tunakaa kando ya kijito chenye jina hilo, nusu saa kwa pikipiki kutoka Kolwezi, kwenye barabara ya Mutshatsha. Mimi nina nyumba ya vyumba viwili, shamba la maboga na matembele, na sehemu yangu ya mto. Si mali ya kutajirisha mtu, lakini ni yangu, na nilikuwa nimekwisha kunyang'anywa nyingine. Zamani nilikaa karibu na Musonoi. Huko nako walianza hivi hivi. Vijana wawili walikuja na vifuko vya plastiki, wakachota udongo kidogo nyuma ya choo changu, wakasema ni utafiti tu, mama, usiogope. Miezi saba baadaye ukuta wangu ulikuwa na msalaba wa rangi nyekundu, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa juu ya lori, na godoro langu na kuku zangu. Anayechota kitu kidogo kwenye ardhi ya mtu huku Lualaba hatafuti samaki. Anatafuta kobalti.

Tata Kazadi, mkuu wetu wa mtaa, alituita mkutanoni akaeleza maneno mazuri. Kampuni inataka kujenga bwawa la kumwagia taka za kiwanda katika bonde la Kasanzu. Kabla ya kupewa ruhusa, sheria inataka ijulikane ni viumbe gani wanaishi majini. Kuna kisamaki chenye mkia mwekundu ambacho hakipatikani ila katika vijito vichache vya huku juu. Kikionekana Kasanzu, kampuni itafute bonde lingine. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilijiuliza ni kampuni gani itakodi mtu wa kuizuia yenyewe, tena impe na jipu.

Kisha Tata Kazadi akampangia mgeni chumba nyumbani kwangu, maana sakafu yangu ni ya simenti. Jioni ile nilikuwa nachambua matembele, naye amekaa karibu nami kwenye kigoda, anasaidia, vidole vyake vikiwa vyepesi kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa chuo.

"Mama, samaki akipitaka mu mayi, anaachaka bitu yake kidogo kidogo," alisema. "Ngozi, mate, mavi. Hata kama hatumuone, mayi inabakia na alama yake. Mi nachota mayi, naichuja na kakaratasi, kakaratasi kanaenda mu labo. Kule banasoma nani alipita."

"Banasoma."

"Ndiyo, mama."

"Na kobalti, yeye haibakie mu mayi?"

"Inabakia. Lakini hiyo siyo njo kazi yangu."

"Nani alikutuma, mutoto yangu?"

"Université, mama."

"Na jipu?"

Akanyamaza kidogo. "Université haina motokari. Kampuni njo ilituazima."

Nikasema "Aah," nikaendelea na matembele yangu. Mtu akikujibu baada ya kunyamaza, jibu ni kile kimya.

Sasa nieleze jambo ambalo Tania hakulijua. Nilipokaa Musonoi nilifanya kazi miaka sita kwenye depo, nyumba ya kununulia mawe ya wachimbaji. Mchimbaji analeta magunia yake, wanachota kidogo kutoka kila gunia, wanatia kwenye kifuko, na kifuko kinaenda kwa mashine ndogo inayoshikwa kama bastola. Mashine inasema kobalti ni asilimia ngapi, na bei inafuata. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba vifuko kutoka kwenye magunia hadi kwenye mashine. Ni hatua kumi na tano tu. Katika hatua hizo kumi na tano nimebadilisha vifuko mara nyingi kuliko nilivyosali rozari. Bosi alikuwa na vifuko vyake vya mawe hafifu, tayari, kwenye mfuko wa aproni yangu. Mchimbaji anatazama mashine, hatazami aproni. Sijivunii. Nasema tu kwamba mikono yangu iliujua utaratibu.

Asubuhi iliyofuata tulishuka mtoni. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza, mto umejaa kiasi. Nilibeba kasha la barafu, na Tania akachota sehemu sita, kutoka kwenye chemchemi hadi darajani, akibadilisha glavu kila mara. Kila chupa aliiandika herufi. Kwenye maji yangu mwenyewe, pale ninapozibia kiangazi, aliinama akachota taratibu, na mimi nikaona jinsi nyumba yangu itakavyopigwa msalaba.

Tulirudi nyumbani saa nne. Alikuwa anapanga vyombo vyake juu ya meza yangu ili aanze kuchuja, ndipo mjumbe wa Tata Kazadi akaja kumwita: sahihi yake ilikosekana kwenye daftari la wageni. Akaniambia, "Mama, uniangalilie bitu yangu," akatoka.

Nikaangalia. Nyumba yangu ina pipa la maji ya mvua chini ya ukingo wa paa. Nilifikiri haraka. Maji ya kisima yanatoka chini, na huku chini kuna nini zaidi ya kobalti? Lakini maji ya mvua yanatoka juu kwa Mungu, hayajapita kwenye jiwe lolote. Nikafungua chupa ya kwanza, nikaimwaga kwenye maboga, nikaijaza maji ya pipa, nikaifuta, nikairudisha mahali pake, herufi ikitazama kule kule ilikokuwa ikitazama. Zote sita. Sikutumia hata dakika kumi. Bata dume wangu alisimama kwenye mfuniko wa pipa akinitazama, nikamfukuza.

Tania aliporudi aliinua chupa moja kwenye mwanga. "Mayi ya hapa iko clair, vraiment," alisema. Yalikuwa meupe kweli; nikageukia kufuta meza. Akaanza kuyasukuma maji kupitia ile karatasi nyeupe ya mviringo, akashangaa yanavyopita upesi. Nikamwambia mto wetu ni msafi. Akacheka, akaandika kitu.

Alipoondoka alinikumbatia. "Asanti, mama, juu ya kulinda bitu yangu," alisema. Nilimpa boga. Nilikaa Krismasi nzima na furaha yangu ya siri, na hata Joyeuse sikumwambia, ingawa Joyeuse ni rafiki yangu wa miaka tisa na ndiye tunayezibia naye mto. Niliwaza siku moja, sote tukiwa bado hapa na kampuni imeondoka mikono mitupu, nitamsimulia, naye atacheka hadi adondoke.

Majibu yakaja Februari. Tulikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tukibanana kwenye madawati ya watoto. Kampuni ilimleta mhandisi Symphorien, mtu mpole, buti safi, anayemwita kila mwanamke mama hata yule wa miaka ishirini. Tania alikaa pembeni na karatasi zake. Alikuwa amekonda, au labda hakulala.

"Samaki, zéro," alisema Symphorien. "Fasi yote sita, zéro. Bandugu, hii mayi ilishakufa. Hakuna kitu ya kulinda mu Kasanzu. Kampuni itaanza kujenga bassin, na batu bote batapata fasi ingine ya kukaa."

Joyeuse alisimama. "Mi nilikula samaki ya Kasanzu mu mwezi ya tisa. Kambale, na kale ka mukila nyekundu. Nilikatoa na mikono yangu."

"Labo haidanganyake, mama," alisema Symphorien, kwa upole ule ule.

Kumbe walikuwa wanatafuta samaki kweli. Lakini nakuambia ukweli, hata hapo nilibaki na shaka. Nilijiambia binti amenunuliwa, karatasi zimeandikwa ofisini, ile habari ya kusoma majini ni hadithi. Mambo ya chupa zangu hayakuhusika, kwa sababu hakuna anayeweza kusoma maji. Nilijing'ang'aniza hapo.

Ndipo Tania akasimama. "Kuko kitu yenye mi sielewe," alisema, akitazama karatasi wala si sisi. "Hata mu muto yenye kufa kunabakiaka kitu. Chura. Panya ya mayi. Hapa, mu chupa yote sita, tulikuta bitu ine tu. Mutu. Kuku. Bata. Na njiwa. Njiwa mingi sana."

Darasa zima lilicheka. Mtu wa nyuma akauliza tangu lini njiwa wanaogelea.

Mimi sikucheka. Kasanzu nzima kuna nyumba moja tu yenye njiwa. Marehemu mume wangu Omer aliwafuga, mimi nikawarithi, na wanalala juu ya paa langu, kumi na wanne, wanachafua mabati, na mvua inayachukua yote hadi kwenye pipa. Ile karatasi nyeupe ilikuwa imepanda juu ya nyumba yangu na kuhesabu nani analala huko. Ilimjua hata bata. Nilimwonea yule binti haya kubwa, maana alikuwa ameniambia ukweli mtupu juu ya kigoda changu, akichambua matembele yangu, nami nikautupa kwenye maboga.

Joyeuse aligeuka kunitazama. Alikuwa ameacha kucheka. Nikaona ni bora niseme mimi kuliko aseme yeye.

"Mayi ile siyo ya Kasanzu," nilisema. "Ni ya pipa yangu. Mi njo nilimwanga ya muto, nikatia ya mvua."

Nilieleza yote, ya Musonoi, ya vifuko, ya depo. Nilieleza vibaya, nikirukaruka, kwa sababu hakuna aliyenisaidia hata kwa kutikisa kichwa. Tania alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Nani alikutuma, Brigitte?" aliuliza Joyeuse.

"Hakuna mutu. Niliogopa kobalti."

"Miaka sita ulibadirisha echantillon, bifuko ya mawe ya batu ku depo, tena juu ya faida ya bakubwa," alisema. "Njo sasa hapa ulifanya bure? Kampuni ilikupa nini?"

Niliapa kwa Mungu na kwa kaburi la Omer. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso ulikuwa umefanya hesabu yake na kufika pale pale alipofika Joyeuse. Niliwaelewa, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningekuwa nimekaa kwenye dawati lao ningeuliza swali lile lile.

Symphorien aliandika kitu, akafunga kalamu yake. "Bon. Lakini kama mama alibadirisha ya kwanza, nani atahakikisha ya pili?"

Alibishana na Tania kwa Kifaransa muda mrefu. Mwishowe Tata Kazadi akatangaza walichokubaliana. Maji yatachotwa upya kesho yake, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Kasha la barafu na jipu vitakuwa vya kampuni, na maji yatachujwa Kolwezi siku hiyo hiyo, wote wakitazama. Na mimi nisionekane karibu na mto. Sharti hilo la mwisho halikuletwa na kampuni. Lilitolewa na Joyeuse.

Kwa hiyo asubuhi ile nilisimama juu, kwenye maboga, kama mwizi anayetazama nyumba aliyokwisha kuiibia. Watu walikuwa wengi mtoni. Jipu lilisimama karibu na daraja, na dereva wa kampuni, kijana anayeitwa Guelord, akafungua mlango wa nyuma akatoa kasha la buluu.

Mtu aliyebeba vifuko miaka sita ana mizani machoni. Kasha lile lile nililibeba Novemba. Likiwa tupu unalishika kwa vidole viwili na kulipunga. Guelord alilibeba kwa mikono miwili, mgongo umepinda nyuma, na kulikuwa hakujachotwa hata tone. Nikajiambia ni barafu, barafu ni nzito. Nikajiambia, Brigitte, shaka yako imekwisha kuua mto huu mara moja, nyamaza. Kisha nikaona mtu mwingine akitoa barafu kwenye jipu, ikiwa kwenye mfuko wake, akaenda kuimimina ndani ya kasha huko ukingoni.

Walichota chupa ya kwanza, wakaitia kwenye kasha. Ya pili. Tania aliingia majini hadi magotini pale kwangu na kuchota ya tatu. Nilivumilia hadi ya sita. Kisha nikashuka.

Watu waliniona nikija, wakafunga njia. Nikasemea pale pale nilipozuiwa.

"Tata Kazadi, ile glasiere, kasha ile, ilikuwa nzito mbele ya kutia mayi. Mbele ya barafu. Muulize Guelord. Bafungue, batoe barafu yote, tuone kama kuko chupa ingine chini."

Guelord alitazama buti zake. Symphorien akatabasamu. "Mama, barafu ikitoka, echantillon inaharibika. Na tunaanza tena."

"Brigitte," alisema Joyeuse, na sauti yake ilikuwa ya uchovu zaidi kuliko hasira. "Na leo, nani anakutuma?"

Ningejibu nini? Tata Kazadi alinishika kiwiko kwa heshima, akasema, "Mama Brigitte, urudie ku nyumba, tafazali." Nikalia. Nililia mbele yao wote, mimi ambaye kule Musonoi sikulia hata juu ya lori.

Tania hakunitazama. Alikuwa bado anakausha miguu. Lakini alimwendea Joyeuse, akamwomba beseni lake, lile la kuchotea maji kiangazi. Akapiga magoti mbele ya kasha, akafungua mfuniko, akaanza kutoa chupa zake. Alizitoa moja moja, akitazama herufi na kuupitisha mkono juu ya mwandiko wake. Kisha akachota barafu kwa mikono miwili, akaihamishia kwenye beseni hadi chupa zikafunikwa. Symphorien alimwambia kitu kwa Kifaransa, kifupi. Naye akajibu kifupi zaidi.

Kabla barafu haijaisha kwenye kasha, Guelord alikuwa amekwisha kulifunga. Alilinyanyua akaelekea kwenye jipu, bila chupa ndani, na barafu imebaki kiganja. Alilibeba kwa mikono miwili, mgongo umepinda nyuma.

Mpaka leo sijui chini kulikuwa na nini. Alilifungia kwenye jipu, na majibu ya chupa zile bado hayajaja. Lakini Joyeuse alimtazama Guelord mgongoni, njia nzima, hadi mlango ulipofungwa. Kisha akaja akasimama karibu nami. Hakunisogelea sana.

Tania alikataa jipu. Walimwitia pikipiki kutoka barabarani, akapanda nyuma ya dereva na beseni la Joyeuse mapajani, limefunikwa kwa kitenge. Tata Kazadi na mtu wa kampuni wakafuata kwa pikipiki nyingine. Ile ya Tania ilipita mbele ya maboga yangu, polepole kwa sababu ya mashimo, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Nilitaka aseme neno lolote, hata la kunitukana.

Hakuinua kichwa. Alikuwa ameingiza mkono chini ya kitenge, anahesabu chupa, moja, mbili, mpaka sita, na alipofika sita akaanza tena.